Karatasi ya Okwudili Isitangulie

Umuahia,
Jumatatu, 14 Oktoba 1968

Mpendwa Mjomba Nwokeocha,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Neno lolote la humu lisimfikie mtu, hata mkeo kwa sasa, na ukimaliza uitie barua hii motoni.

Nakuamkia kwa heshima. Mguu wako umepona? Wakimbizi uliowapokea bado wako nawe? Sisi huku tunaishi. Chumvi imekuwa kama dawa, na ndege zikipita tunaingia handakini, tunatoka wekundu kwa udongo. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenihama.

Unajua kazi yangu ni ukarani katika ofisi inayopokea vitu vya askari waliokufa na kuwaandikia wazazi wao. Wiki iliyopita nilifungua mfuko mmoja, nikakuta rozari, kijiko, na barua za mama mdogo Ugoye. Mjomba, ni Okwudili wetu. Ameuawa karibu na Okigwe. Nilimuuliza askari aliyeuleta mfuko. Alimzika kwa mikono yake. Sina tena la kutumainia. Mama naye sijamwambia, maana hawezi kuficha machozi.

Unamjua dada yako Ugoye. Kila barua ya mwanawe ikifika humwita mwalimu wa kanisa aisome uani, majirani wamejaa, karanga zinapita mkono kwa mkono. Husema barua ikisomewa mtu mmoja ni umbeya. Sasa karatasi ya serikali itafika na muhuri uleule wa jeshi. Atawaita watu. Atakaanga karanga.

Kwetu mama haambiwi hivyo. Watu wa ukoo hutangulia, wakaketi, wakasema kijana anaumwa, kisha wakasema hali ni mbaya, na wanawake wakiwa wameshamzunguka ndipo neno lenyewe hutoka. Karatasi haijui kuketi.

Niliandika jina la Okwudili kwenye karatasi hiyo, nikashindwa kuiweka kapuni pamoja na nyingine. Nimeificha chini ya taipureta. Bwana Irondi, karani mkuu, aligundua karatasi moja imepungua, akaniita.

"Kijana, iko wapi karatasi ya huyu Okwudili? Karatasi haina miguu."

Nikamwambia wino ulimwagika, naiandika upya.

"Basi andika. Jumamosi gari la barua linaondoka nayo. Anayechelewesha kazi ya jeshi siku hizi ana jina lake, nawe unalijua."

Nalijua. Jirani yetu aliitwa msaliti kwa kosa dogo kuliko hili, na hajaonekana tena. Sikumwambia kwamba Okwudili ni ndugu yangu. Akijua atampa karani mwingine kazi hiyo, na karatasi itaondoka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nakusihi uende Umuezike kwa mama mdogo mapema, kabla ya Ijumaa. Wachukue wazee wa ukoo wa marehemu baba yake Okwudili, na wanawake wawili watatu wenye nguvu za kumshika mama yake; hao tu ndio uwaambie. Rozari nitaileta mwenyewe njia zikifunguka.

Katika mfuko ule wa Okwudili mlikuwa na barua moja ya mama mdogo ambayo haikuwahi kufunguliwa. Ameandikisha hivi: "Umesema umekonda. Nenepa kwanza ndipo nikutafutie mke, nisione haya mbele ya wakwe." Nimeikunja tena, lakini maneno yake hayakunjiki.

Nisalimie mkeo Nwanyibuife, na mwanenu Adaobi, umwambie kitabu chake cha hesabu nimekitunza. Mungu akutangulie njiani, na akutie maneno kinywani ukifika.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye siku zote,
Ozoemena

Usinijibu kwa posta, wala usiandike jina langu popote, barua zinasomwa. Mpe neno dereva Ezenwa aliyekuletea hii. Mama mdogo akishaambiwa, Ezenwa aseme tu kwamba viazi vikuu vimefika. Atanikuta Ijumaa jioni nyuma ya hospitali ya misheni, ninapochota maji. Asipokuja, Jumamosi asubuhi wino utamwagika tena.