Nafasi za Baba Mdogo katika Wimbo wa Papa

Bunia, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Mpendwa Baba Mdogo Ephraïm,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama Mdogo Martine na Rebecca. Mgongo wako umepata nafuu? Huko Mahagi mvua imeanza? Sisi tunaendelea, ila tumechoka. Mama analala ameketi kwa sababu ya kifua, na hapa katika kambi ya wakimbizi maji hutoka alfajiri tu. Masomo yangu yanakwenda vizuri. Mwezi uliopita nilikuwa wa pili darasani.

Tangu tulipomzika Papa, kaka yako, hupokei simu zetu. Mama anafikiri unaona aibu kwa kuwa hukufika mazikoni. Baba Mdogo, barabara ilikuwa imefungwa, na hapa hakuna anayekulaumu. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi, ili Placide, yule dereva wa lori, akukabidhi mkononi.

Tarehe 29 tutamaliza matanga ya Papa. Kaka Davy ametengeneza wimbo wa kumkumbuka siku hiyo, na wimbo huo umetuletea ugomvi nyumbani.

Ni trap, ile rap ya vijana wa sasa. Besi yake ni ndefu, kama lori lililosimama bila kuzima injini, na juu yake kuna mlio wa vigongo vidogo vinavyokimbia. Maneno ni machache. Sauti ya Davy inapita katika mashine inayoinyoosha, na baada ya kila msitari anajijibu mwenyewe: "Yee! Yee!" Lakini sisi tuna simu ndogo tu, na simu ndogo haitoi besi. Mama alichosikia ni vile vigongo, kama mtu anayechagua mawe katika maharagwe.

Akamwambia, "Weye unajiita, weye unajiitika. Uko peke yako mu nyumba?"

"Mama, ni stili ya sasa."

"Sasa ya nani? Sisikii hata jina la baba yako."

Davy akacheka, akasema rap ya wakati wenu ilikuwa kusoma gazeti juu ya ngoma. Mama naye alicheka kidogo, kisha akakataa kabisa wimbo huo usipigwe mbele ya watu.

Mimi sikutaka kushika upande. Nilimwomba Davy anieleze muziki umegeuka vipi, naye alinifundisha kwa uvumilivu kama mwalimu. Anasema zamani ngoma ilikuwa nzito na ya polepole ili maneno yapate nafasi. Baadaye kila kundi likatafuta msichana wa kuimba kiitikio. Kisha simu zikaja na makundi yakavunjika. Kila kijana akabaki na mashine yake, akitia mwenyewe vile vilio vya pembeni, "yee, yee," ambavyo zamani vilikuwa kazi ya mwenzake. Alipofika hapo alizima simu. Sijui alikuwa akimfikiria Papa au wewe.

Jumapili Mama alitushangaza. Alikuwa anamenya mihogo, akaanza kusema mistari ya Papa, ile mliyokuwa mkipiga pamoja kule Fataki kabla sijazaliwa, ambayo kaseti yake iliungua pamoja na nyumba yetu. Aliijua yote! Anasema alikuwa akisimama mbele kabisa. Lakini anajua ya Papa tu. Papa alikuwa akianza msitari na wewe ukiumaliza, na sehemu zako hazikumbuki, kwa sababu, anasema, hakuwa akikutazama wewe.

Kwa hiyo alisema, "Waulize wa Fataki nani alilima kilima," akanyamaza. Alinyamaza muda uleule uliokuwa wako, kidole kikipiga beseni, kisha akaendelea na msitari wa Papa uliofuata. Hata pumzi yake ilikungoja.

Davy alimrekodi. Ameondoa vigongo karibu vyote, ameacha ngoma nzito, na sauti ya Mama haikupitishwa kwenye mashine. Sasa Mama amekubali wimbo upigwe. Ila nafasi zako ziko tupu. Nilimwambia Davy ajaze kwa "yee" zake, akakataa: "Hizi hazikuwa zangu."

Baba Mdogo, Placide atarudi Bunia tarehe 20. Kama huwezi kuja naye, sema sehemu zako katika simu yake, hata kwa sauti ya chini, hata kama umesahau baadhi. Usipotuma, Davy ataupiga wimbo vilevile siku ya matanga, na watu wote watakaa kimya wakisubiri zamu yako ipite. Mimi naamini hutatuacha tusubiri.

Davy anakusalimu, ingawa anajifanya amekasirika. Mama anakusalimu. Mkumbatie Rebecca kwa niaba yangu. Mungu ailinde barabara yako na nyumba yako.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukutazamia,

Ketsia