Tumebadilisha Breki za Kobe

Baba,

Usikasirike kabla sijamaliza. Tumebadilisha breki za Kobe, gari lako.

Najua ulikataa miaka yote. Kila fundi aliyekushauri uweke breki za disk, zile zinazoshika mara moja, ulimjibu kwamba breki nzuri humharibu dereva, humsahaulisha mlima. Wewe hukuusahau. Tukishuka mlima wa Iveti, kabla ya kona ya shule mguu wako ulikuwa tayari unapampu pedali, tena na tena, hadi Kobe akubali kupunguza mwendo. Mama hapo mbele alikuwa ameshaanza wimbo wa kanisani. Tukisimama tu, ungesema, "Mwaitu, jiwe," nami ningetoka mbio na lile jiwe la chini ya kiti kuzuia gurudumu. Kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, uliniita Mwaitu, mama kwa Kikamba, wala hukuwahi kuniita mtoto.

Sasa sikiliza. Tangu tukuzike, mama hakutaka kushuka mjini. Dawa zake za presha zikaisha, akasema Mungu anajua. Pikipiki hapandi, unamjua. Nikamwambia nitampeleka kliniki na Kobe. Akatazama kando, kisha akanieleza jambo ambalo wewe hukulijua: zile nyimbo zote za kuteremka zilikuwa hofu. Na wewe ulivyokuwa ukijisifu kwa watu kwamba mke wako anapenda safari! "Nilikuwa naomba tufike," akasema. "Na baba yako niliweza. Na mwingine siwezi."

Nilienda nikakaa ndani ya gari, nikalia. Kiti chako bado kinanuka tumbaku ya kunusa na maganda ya machungwa. Niliona kwamba nikizigusa breki hizo nakutoa garini. Lakini dawa zilikuwa zimeisha, baba.

Fundi Mutiso alikuja kutoka Kithimani. Alitoa breki za mbele za zamani, zile za drum, akaweka disk alizozipata kwenye gari lingine dogo lililokufa. Hazikuingia kirahisi, ilibidi zichongwe. Mimi nilikaa kwenye kiti chako nikikanyaga na kushikilia pedali, yeye chini akitoa upepo kwenye mipira ya breki. Vile vifuniko vya magurudumu ulivyokuwa ukivisugua Jumamosi havifungi tena. Mama anavitumia kufunikia unga.

Siku ya kliniki alipanda, akashika kibeti kwa mikono miwili. Hakuimba. Kimya kile kiliniuma kuliko nilivyotarajia. Tulipokaribia kona ya shule, nakuapia sikufikiri. Mguu ulianza wenyewe kupampu, vile ulivyonifunza. Kobe akasimama papo hapo, katikati ya barabara. Jiwe likachomoka chini ya kiti, likamgonga mama kisigino. Nyuma yetu, mwenye mkokoteni wa punda alitutukana bila haraka, kwa Kikamba safi.

Mama alinitazama. Nilidhani atashuka arudi nyumbani kwa miguu. Badala yake akaanza kucheka, akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Hakuwa amecheka tangu mazishi. "Hiyo mguu si yako," akasema, akijifuta machozi. "Hiyo ni ya baba yako."

Nikaondoa gari tena. Nilikuwa nimeogopa bure, baba. Hukutoka garini.

Tulishuka polepole. Ni kule chini, kwenye tambarare karibu na soko, mahali ambapo hakuna mtu wa kuogopa chochote, ndipo mama akaimba. Na nilipoegesha mbele ya kliniki, kabla sijazima injini, akainama, akalivuta lile jiwe kwa miguu yake, akaniambia, "Mwaitu, jiwe."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nikatoka mbio.

Dawa amepata. Nitamshusha kila zinapokaribia kuisha, na mguu huu nitaufunza adabu mpya. Lakini jiwe halitoki chini ya kiti, hata Mutiso acheke vipi.

Koma nesa, baba. Lala salama. Mama yuko na mimi.

Mwaitu wako