Fimbo Yenye Uliita Nyumba ya Masika

Mama,

Sijue kama kule uko barua inafikaka, mais niko naandika tu, juu mu kinywa maneno inanikwama. Ni asubui. Mvua imeacha, bamotari ba pikipiki bameanza kupiga klaksoni sawa batu hawana mama zao. Mi niko ku meza yako ya soko, ile ile, ku kona ya bauza viatu. Nimekalia kiti yako yenye mugongo ya kuvunjika. Sijaitengeneza, juu wewe mwenyewe ulikataaka.

Nianze na habari ya soko, juu najua utauliza soko mbele ya kuniuliza kama nimekula. Soko imekufa, Mama. Balo za mitumba zinafika moja moja, tena za makoti tu. Zile za muchanganyiko, zenye zilikuwa zinatutolea fimbo zetu, hatuzione tena. Njia ya Kasindi, ya kutokea Uganda, leo inafunguka, kesho inafungwa. Na kama fimbo inapatikana, ni ya chuma, ukiigonga inalia sawa sufuria. Utasoma nini ku fimbo ya chuma? Butembo yenyewe imejaa bakimbizi, kila parcelle, kila kiwanja ya nyumba, batu banalala mpaka mu kiyungu, kati ya makaa na vyungu. Wenye nyumba wamekuwa wafalme.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikata kamba ya balo ukitafuta viatu vya sport, katikati ukakuta fimbo nene, laini, sawa mutwangio yenye mutu alichoka kuimaliza. Mutu akasema Bamerika banapigiaka nayo mupira mudogo, inaitwa base-ball. Wewe ukajibu: "Mupira gani inaomba fimbo? Bale batu hawana miguu?" Kona nzima ikacheka mpaka bauza viatu bakaacha bateja. Zingine zikafuata mu balo, tukaziuzia basentinele ya kulinda usiku, na bamama ya kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kuna mama moja aliapa kama sombe ya ile fimbo iko tamu kuliko ya mutwangio. Aka! Nusu ya Butembo imekula sombe ya fimbo ya Bamerika, na hawajue.

Ni ule muzee wa Kampala alitufungua macho, mununuzi wa vitu vya zamani. Alikuja mu Butembo kutafuta saa na maradio, akapita ku meza yetu, akasimama sawa mutu amekanyaga nyoka. Akakuambia kama kule Amerika kuna batu banatafuta hizi fimbo, za zamani, banazitundika ku ukuta sawa sie tunatundika Bikira Maria. Sikumuamini. Wewe ulimuamini mara moja, juu uliona vile alikuwa anaishika, na mikono mbili, polepole.

Akakufundisha, na wewe ukanifundisha, tena na hasira, juu mi nilikuwa na haraka. Ulikuwa unanifunga macho na kitambaa, unaniwekea fimbo mu mukono. "Sema." Ya zamani mushikio yake iko nene, inajaza kiganja, za sasa ni nyembamba sawa mukia ya panya. Ya zamani iko nzito. Kile kifundo cha mwisho, chenye kinazuia mukono isiteleze, mu za zamani ni kidogo, inashuka taratibu. Kisha unanifungua macho, tunaangalia alama ya kiwanda. Kama imechomwa na moto mu muti, ukipitisha ukucha inaingia, ni nzuri. Kama ni rangi tu juu ya muti, hiyo tupelekee mama wa sombe. Na ile mistari ya muti: zikiwa karibu karibu, zenye kunyooka, muti ilikomaa mu baridi, polepole. Tena ulikuwa unakataa kutaja mwaka kama huna hakika. "Sema ni muzee, basi. Mwaka ni ya Mungu na ya kiwanda."

Na ufa! Mi nilidhani fimbo yenye ufa imeharibika. Wewe ukacheka. Ufa yenye kupigwa tumisumari tudogo na kufungwa kamba, ni kusema mutu aliipenda, alikataa kuitupa. Hiyo bei yake inapanda. Na hapana osha, hapana paka mafuta, hapana guza na msasa. Uchafu ya mikono ya mwenyewe ndiyo bei.

Donc ile ya mwisho ilikuwa na yote. Mushikio nene, alama ya moto, ufa, misumari mbili, kamba nyeusi sawa lami. Ulipiga picha, muzee akapiga simu palepale. Alisema atakuja mwenyewe, tusiionyeshe mutu. Ukaifunga mu kikwembe chako cha kijani, ukaiweka nyuma ya kabati. Ukaniambia: "Kavira, hii haiko fimbo. Hii ni nyumba ya Masika."

Yaya Masika. Mutoto wako mukubwa, kule Beni, mujane na batoto, analala mu kiwanja ya parokia na muchana anarudi mu shamba kule ku pembeni, kwenye waasi walimuulia bwana, juu batoto banapaswa kula. Ulitaka umupangie nyumba hapa Butembo atoke kule. Kila mara alikuwa anapiga simu, ulikuwa unamujibu: "Muzee akuje tu, nakutumia gari." Na yeye alikuwa ameanza kufunga vyombo.

Kisha tension, ile presha yako ya damu, ikakubeba. Unasimama kupika chai, unakaa chini, basi. Sijakusamehea ile namna ya kuenda. Hata kwaheri?

Nikuambie ya kilio yako, juu wewe haukuiona. Unajua kwetu mu jamaa: bamama wafiwa banakaa ku mukeka, hawasimame mpaka marehemu atoke. Unajua pia kama kwetu musalaba hainunuliwe ku soko. Kaka ya mwenye kufa ndiye anaitengeneza, na muti ya mukono ya musalaba, pale banaandika jina, inatoka mu nyumba ya mwenye kufa. Mujomba Kambale akafika toka Musienene na randa yake mu mufuko, amelowa mvua mpaka mifupa, analia sawa mutoto. Mi niko chini ku mukeka, kichwa mu kikwembe, nasikia ku nyuma ya nyumba randa inakwaruza, inakwaruza. Nilisema mu roho: asante Mungu, Mama atapata musalaba ya kaka yake. Nilisikia yote, Mama. Kila mara alivuta ile randa, nilisikia.

Kisha ya mazishi, muzee wa Kampala akapiga simu. Amepata muteja, yeye mwenyewe iko njiani kuja, nimutumie kwanza picha ingine ya alama. Nikavuta kabati. Kikwembe cha kijani kiko pale, kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe. Ndani hakuna kitu. Nikashuku majirani wote. Nikashuku hata mama wa kanisa mwenye alikuogesha, Mungu anisamehe. Nilipindua nyumba, nikalia, nikatukana.

Siku ya kupalilia kaburi ndiyo nilielewa. Mvua ilikuwa imeanza kula rangi nyeupe ya musalaba. Chini ya jina lako nikaona mistari ya muti, karibu karibu, zenye kunyooka. Nikapitisha kidole. Pale mwisho, matundu mbili tudogo ya misumari, yenye kuzibwa na gundi. Mujomba alikata kifundo juu mikono ya musalaba ikuwe sawasawa. Alitoa kamba, alitoa misumari. Alipiga randa pale alama ya kiwanda ilikuwa, mpaka muti ikakuwa laini, juu aandike jina lako vizuri.

Nilikaa chini mu matope, Mama, nikacheka. Bapita njia walidhani nimechanganyikiwa. Nilicheka mpaka kilio ikakuja yenyewe. Umekufa, na fimbo imekufa nawe siku ile ile, na mwenye kuiua ni ule alikupenda kuliko batu wote.

Nilimutumia muzee picha quand même, hata vile. Akasema taratibu, na heshima: "Pole sana, mama. Hiyo sasa ni mbao tu." Alikuwa amefika Kasese, bado upande ya Uganda, akarudilia pale. Hajapiga tena.

Kwa Masika nilikaa na uongo mu kinywa siku mingi. Nilimuambia muzee amechelewa, njia ni mubaya. Kisha akaniuliza kama aache kupanda maharagi, juu anataka kuhama mbele ya mavuno. Pale nikashindwa. Nikamuambia yote, mpaka randa. Ku simu nikasikia batoto wake banagombania sahani. Nilifikiri atanitukana. Nilitamani anitukane. Akasema: "Muachie Mama muti yake. Hapana ngoa." Kisha akasema: "Bon. Nitapanda."

Na alipanda. Iko anaenda kule kule ku shamba, asubui sana, anarudi mbele ya giza. Siku zingine simu yake haipite, mi nakuwa sawa mutu wa homa. Siku zingine inapita, anaongea chini chini, ananiuliza bei ya chumvi. Niliomba bamama wa soko, niliomba kanisa, niliuza koti yako ya buluu. Haifike hata nusu ya kitu. Na sasa batu banasema hata hapa Butembo vita inaweza kufika, donc namuita aje wapi? Sina tena kitu nyuma ya kabati.

Mujomba yeye anakujaka. Anapita ku kaburi na kopo ya rangi, anaosha musalaba, anaandika tena jina lako, ulimi nje sawa mutoto wa masomo. Mara ya mwisho aliniita nione. Akaniuliza: "Ni muzuri?" Meno iliniuma vile niliyakaza. Uso wake ulikuwa unangaa, Mama, toka ufe sijamuona na ule uso. Nikamujibu: "Wasingya, asante, Mujomba. Ni muzuri sana."

Basi nikuache. Balo moja imefika, banabishana, niende basinipite bure. Lala, Mama, usiamke kwa kelele zetu. Nakuahidi hii moja: Mujomba Kambale atazeeka, atakufa, na hatajua ile muti ilikuwa nini. Siye na Masika tumeapa, na nitaishika mpaka kaburi yangu.

Ya kumutoa Masika kule Beni, hapana niombe ahadi.

Mutoto wako,
Kavira