Kisanduku Mapajani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na mkeo na watoto. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Sisi huku tu wazima kiasi, ila mimi usingizi umenipa talaka.

Sasa sikia. Kabla sijaja kuchukua uboho wa mifupa yako, nilimwambia daktari wa Kaka kwamba safari ni masaa kumi na moja. Nilipima kwenye simu, uwanja hadi uwanja, mstari mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo. Loo! Kumbe ndege ya moja kwa moja haipo. Kuna kushuka, kungoja, kupanda nyingine. Daktari alipojua alifoka, maana dawa walizompa Kaka ili mwili wake upokee uboho wako zilikuwa zimeshaua wake wote uliougua. Maji yalikuwa yameshamwagika: uboho wako ufike kabla ya siku ya tatu kuisha tangu utolewe, la sivyo tumzike.

Njiani ukungu ukaufunga uwanja wa katikati. Tukazunguka angani weee, na tuliposhuka, ndege ya pili ilishaondoka. Nikangoja nyingine na kile kisanduku cha baridi chenye uboho wako mapajani. Hata chooni nilienda nacho. Halafu mkaguzi akataka kukipitisha kwenye mashine ya mionzi! Nikamwambia mionzi itaua kila kitu, na humo ndani mna kaka yangu. Akaniona kichaa. Nikakaa sakafuni, nikakikumbatia, nikalia kwa hasira mpaka mkubwa wake akaja, akasoma cheti cha hospitali, akanipitisha mlango wa pembeni.

Nilifika siku ya tatu asubuhi. Muuguzi alikinyakua mlangoni, na mchana uboho wako ukawa unaingia kwenye mshipa wa Kaka, tone kwa tone. Kama utashika au la, daktari anasema tusubiri wiki kadhaa. Moyo uko mkononi.

Lakini kuna jambo lililonifanya nishike kalamu. Tangu mlipogombania nyumba ya Mama, Kaka aliapa hatapokea hata maji kutoka kwako, ndiyo maana tulimdanganya kwamba mtoaji ni mtu baki. Basi jana akaniita, akasema nisijichoshe kuficha. Alijua tangu mwanzo. Daktari alimweleza kwamba uboho unaolingana hivyo kwa kawaida hutoka kwa ndugu wa baba na mama mmoja, na mimi nilishapimwa nikakosa. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema aliogopa kwamba ukijua anajua, utataka akuombe kwanza, na ulimi wake ungemgomea mpaka afe.

Samahani hajasema, na usiingoje. Ila aliugeukia ukuta, akaniuliza kama zile sindano za kiunoni zilikuuma sana. Nikamwambia zilikuuma. Akalia, mdogo wangu. Yule mtu, akalia!

Njoo, hata kama ni kuja kugombana naye. Wabusu watoto, na mkeo umwambie shangazi yao anamkumbuka.

Ni mimi dada yako,
Mama Maneno