Nimewapa Watu wa Theluji Jina Lako

Mke wangu Bi Mwanakombo,

Sikuulizi hali. Huko uliko nasikia hakuna homa wala mgao wa maji, na kama yupo madam, basi hana sauti ya yule wetu wa Jeddah. Nakuandikia kuungama. Nimewapa watu nisiowajua jina lako, na sasa wanakuandikia kila Alhamisi. Nimeona bora ulisikie kwangu kuliko kwa marehemu wenzako.

Bado nipo Riyadh, Al-Sulimaniyah, kwa Baba Talal yule yule, dereva yule yule, ila magoti ni mabovu zaidi. Mji huu hukuupenda. Jeddah uliiita Mombasa iliyovaa kanzu. Riyadh ulisema ni kanzu tupu, ndani hamna mtu. Mwaka mmoja ulikutosha, ukarudi nyumbani. Msimu huu wa baridi ungerudi mapema zaidi. Alfajiri napasha gari moto nimevaa sweta mbili na kofia ya sufu niliyopewa na Nekesa, msichana wa Bungoma aliyeshika jiko lako. Kofia yenyewe ni ya waridi. Wale walinzi Wakenya wa jumba la pili wananiamkia, "Shikamoo mama."

Mambo yalianzia kwa binti yetu. Saida alipiga simu kunieleza kwamba mwalimu wa Bahati amemwita. Mjukuu wetu ana miaka sita, nyimbo zote anazijua, herufi hajui hata moja, na muhula ukiisha hivyo atarudishwa chini akakae na wanaonyonya vidole. Saida alicheka alipokuwa akisema, kile kicheko cha kuzuia machozi alichorithi kwako. Mimi nilijua mkosi huo umetoka upande gani wa ukoo.

Wewe peke yako ndiye uliyejua. Mwaka ule wa kwanza Jeddah, nilimpeleka madam kwa daktari wa meno nikamshusha mbele ya duka la mazulia. Niliapa kwamba kibao kimebadilishwa. Jioni jikoni hukunisimanga, uliniuliza tu niliishia darasa la ngapi. Nikasema la tatu. Ukaniuliza, "La tatu la kusoma, au la kupita?"

Toka siku hiyo ukawa unapanda nyuma na mtoto wa madam, unanisomea vibao kwa kikohozi. Mara moja kulia, mara mbili kushoto. Madam akadhani una kifua, akawa anakununulia asali, nawe ukaila yote bila kunionjesha. Miaka minane ulinikoholea, Mwanakombo, na hakuna aliyejua. Siku hizi naelekezwa na simu, na hata barua hii mimi nasema, yenyewe inaandika. Ina sauti ya mwanamke asiyekohoa wala kukasirika, na simwamini hata kidogo.

Sasa, Nekesa. Madam amempa kazi ya kuwachapishia wajukuu karatasi za masomo kutoka kwenye mtandao, zote za mambo ya baridi. Meza ya jikoni imejaa pengwini wa kuhesabiwa, glavu za kutafutiwa wenzake, dubu mweupe wa kuonyeshwa njia ya kwao, na jitu lililofinyangwa kwa theluji likatiwa karoti kuwa pua. Wajukuu wa Baba Talal theluji hawajaiona hata kwa ndoto, lakini wamekaa kitako wanaipaka rangi. Nikauliza karatasi hizi zinanunuliwa duka gani. Nekesa akasema ni za bure. Hapo ndipo masikio yaliponisimama.

"Nani anatoa bure?"

"Ni walimu tu, mzee. Wanasaidia watoto."

"Walimu wa wapi, na watoto wetu wamewajulia wapi?"

Akasema mimi hata salamu naishuku. Nikaichukua karatasi nikaigeuza nyuma, sikuona kitu, na jambo hilo halikunituliza. Nikamwambia mtu anayesimamishwa nje kwenye baridi na kofia bila koti, mikono yake vijiti, na bado anatabasamu, huyo lazima ana kafili, bwana aliyemshikia pasi. Nekesa alicheka mpaka akamwaga chai ya madam.

Hata hivyo nilizitaka, kwa ajili ya Bahati. Nekesa aliogopa kutumia anwani ya madam, akanifungulia ukurasa kwenye simu yangu. Na mtego ukajitokeza pale pale. Kabla hujapewa hicho cha bure, wanataka jina na anwani ya imeili. Nimekaa nchi ya watu miaka thelathini na moja. Najua jina likishaingia kwenye karatasi ya mtu, kulitoa ni kubembeleza ofisi tatu. Nikawaza, katika ukoo wetu ni nani ambaye hawa hawawezi kumfanya kitu? Wewe hawawezi kukuzuilia pasi. Hawawezi kukunyima ikama, kile kibali cha kuishi. Hawawezi kukupigia mchana umejilaza. Nikatoa jina lako, na ile imeili aliyokufungulia Saida ya kupokelea picha za harusi yake. Nekesa akauliza Mwanakombo ni nani.

"Ni mtu asiyekamatika," nikamwambia. Kisha nikatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Karatasi nikamrushia Saida kwa wasapu, akazichapisha pale saiba ya Kisauni, na baada ya siku mbili akanitumia picha. Pengwini kapakwa rangi haikuvuka mstari hata unywele mmoja. Herufi zimesimama kama askari. Nikaivuta picha ikawa kubwa, nikaitazama kama afisa wa uwanja wa ndege anavyotazama pasi yangu. Kisha nikapiga.

"Saida, pengwini huyu amepakwa rangi na mtu mwenye kitambulisho."

Akakana. Akaapa kwa jina lako, nikajua sasa anadanganya sana. Mwishowe akakubali kwamba herufi zote aliandika yeye. Bahati alipaka kofia tu, akaikimbia karatasi. "Baba," akasema, "nilitaka ufurahi japo wiki moja." Nilikuwa mtaa wa Olaya namngoja madam atoke dukani. Nikakaa ndani ya gari nikiwaza mtoto huyu ukubwani atakoholewa na nani.

Alhamisi iliyofuata simu yangu ikaita, ikaonyesha sura yako na ule mtandio wa kijani. Miaka miwili toka nilipofika nyumbani nikakuta wameshakuzika, namba yako sikuifuta. Nilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa Bahati kwa simu ya video, ananong'ona. Simu yako ya zamani, ile yenye imeili yako, Saida humwachia atazame katuni.

"Babu, kuna mtu anamwandikia Nyanya."

Nikamuuliza nani kamwambia. Hakuna. Mama yake yuko wapi? Kwa fundi wa cherehani. Na jirani? Hakuna jirani. Nikamwambia asinichezee, amejuaje kwamba barua ni ya Nyanya.

"Si jina lake hili? Lile la kwenye sufuria."

Sufuria zako, mke wangu. Wewe na ule mkebe wako wa rangi nyekundu. Kila sufuria, kila kifuniko, kila upawa, chini yake umeandika MWANAKOMBO, kwa sababu vyombo vikiazimwa kwenda harusini au matangani huwa vinasahau njia ya kurudi. Nilikuwa nakutania kwamba utaniandika na mimi kisogoni. Kumbe mtoto, mama yake akiosha vyombo uani, alikuwa akiuliza ule wekundu unasema nini, anaambiwa, anaufuata kwa kidole. Hakuna aliyemwambia mwalimu. Nani angedhani kwamba huko ni kusoma?

Unanijua. Sikuamini. Nikamtuma alete ile karatasi ya jitu la theluji anionyeshe kama kuna herufi yoyote ya Nyanya. Akaweka kidole kwenye moja, akaweka kwenye nyingine. Alipofika kwenye moja asiyoijua akasema waziwazi haijui. Hapo ndipo nilipoamini, maana mwongo hujua zote.

Kisha akaniuliza wanamwandikiaje mtu ambaye hayupo. Nikamweleza kweli, kwamba Babu aliogopa akajificha nyuma ya Nyanya. Akasema hutakasirika, lakini nikuombe radhi. Ndiyo hii.

Nekesa amenionyesha kwamba mwisho wa barua zao kuna mahali pa kubonyeza wasikuandikie tena. Nimemkataza asipaguse. Bado nawashuku, mtu hamsalimii marehemu kila wiki bila haja. Lakini mtoto siku hizi Alhamisi anaingoja.

Jumatatu Saida alimpeleka shuleni na ile sufuria kubwa ya pilau imefungwa kwenye leso. Mwalimu akaigeuza juu ya meza, Bahati akaisoma mbele ya darasa zima, kidole kikitangulia. Mwalimu akachukua chaki akaandika BAHATI chini ya jina lako, akamwambia aseme herufi zipi ni zile zile. Harudishwi, kwa sasa. Watamwacha mpaka muhula uishe, ndipo waone.

Sufuria imebaki huko. Mwalimu anasema watoto wote wameipenda, ataifundishia wiki hii. Nami nasikia kwa Saida kwamba mdogo wake mwalimu anaolewa mwezi ujao, na sufuria ile inaingia kilo kumi za mchele. Sisemi kitu. Ina jina lako chini, na Bahati wamemkalisha dawati la mbele kabisa, hapo hapo penye meza ya mwalimu, sufuria anaiona.

Unisamehe lile la jina. Pumzika.

Mumeo,
Baba Saida