Arobaini na Nane

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Ptu! Kocha Théoneste kapata mkanda wa kupimia moyo. Unafungwa kifuani, namba inatokea kwenye saa. Mzungu mmoja wa shirika kaondoka, akamwachia — bila karatasi ya maelezo. Eti usipolowa hausomi. Basi anaulamba! Ulimi mzima, wenye ugoro! Mimi nilikuwa wa sita. Mkanda ulinifikia wa moto, unanuka vikwapa vya watu watano. Nimeoga ziwani mara mbili, bado nausikia.
Mbio za baiskeli za Kigali ni Jumapili, timu yetu inapeleka mmoja. Atachaguliwa kwa mkanda. Miaka miwili naingoja nafasi hii!

Jumanne, 3 Agosti
Tumepimwa tumekaa, kabla ya kupanda baiskeli. Mimi 48. Mwenzangu Cyiza 96. Théoneste kanicheka mbele ya wote: moyo yako inalala, ya Cyiza iko inatumika kazi! Namba anazisoma kama spidi ya gari — kubwa ndiyo mshindi. Kamchagua Cyiza. Yule yule niliyemsubiri juzi juu ya mlima wa Rugerero!
Jioni nimemwambia dada Dative, nesi wa zahanati ya stendi. Kacheka mpaka kajishika kiuno. Mwenye mazoezi akipumzika moyo hupiga taratibu, kasema, hiyo 48 ni ya kujivunia. Halafu kicheko kikakatika. Huyo wa 96 anaumwa?
Nikasema sijui. Najua. Cyiza alikuwa amevaa koti juani.

Jumatano, 4 Agosti
Nimemweleza Théoneste. Kawaka! Bon, siku hizi nesi ndiye kocha? Donc mutu akikufa, moyo yake zero, huyo ndiye champion? Wote wakaangua kicheko. Mjinga, lakini ana mdomo!
Mugisha, mwenzetu, akaninong'oneza: kunywa kahawa, rukaruka, omba upimwe tena. Vikombe vinne. Nimeruka nyuma ya choo kama mwehu, nzi wananiingia mdomoni. Mkanda tena, mate tena — 71.
Sasa mimi ndiye mchezaji wa akiba, nitasafiri na Cyiza. Wamenipigia makofi. Nimejisikia kutapika.

Ijumaa, 6 Agosti
Aliyetapika ni Cyiza. Uji wote, nyuma ya ukuta. Anatetemeka, malaria waziwazi. Rutagengwa, usimwambie kocha, kaniomba, mama kashatangaza mtaa mzima kwamba naenda Kigali.
Nikasema sawa. Si kwa huruma. Nilikuwa napiga hesabu: akianguka yeye, napanda mimi. Khaa! Nami nilikuwa naona kinyaa ulimi wa Théoneste.

Jumamosi, 7 Agosti
Stendi. Naandika kwenye goti, ndani ya basi. Baiskeli ziko juu, zimefungwa. Cyiza kaniegemea begani, anaungua. Nimemshika mkono nikahesabu alivyonifundisha dada. 128, na amekaa tu! Théoneste, aliyemfunga mkanda tangu asubuhi, naye kachungulia namba kwenye saa, kashangilia: leo moyo iko moto, tutashinda!
Zahanati iko hapo ng'ambo ya barabara. Dada kasimama mlangoni, ananipungia mkono. Dereva kawasha injini. Cyiza kaomba maji, nimempa chupa yangu. Kasema asante, ndugu yangu.
Dada bado anapunga. Nami nimempungia, nikitabasamu, bila kumwita.