Thandeka Atarudi Jumamosi

Joubert Park, Johannesburg
12 Machi 2016

Mama mpenzi,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe kwanza, halafu mguu wako wa kushoto, maana najua mvua za Lubumbashi zinavyoutesa. Mimi ni mzima, vidole tu ndivyo vinauma kwa kusuka. Gaëlle wangu je? Bado anaficha maharage chini ya ukingo wa sahani?

Barua hii anakuletea Adrien, dereva wa basi linaloingia huko kila Jumamosi. Nawe ukiandika, mpe yeye mkononi.

Habari kubwa: saluni yangu ina televisheni. Si ya antena, Mama. Filamu zinakuja kwa intaneti, unalipa kila mwezi, unachagua unachotaka. Kusuka kichwa kimoja kunakula nusu siku, na mteja akikolea kwenye hadithi hasikii hata ukimvuta nywele. Wanawake wetu wengi hapa, Wakongo na Warundi, Kiingereza na Kizulu vinawapita pembeni, kwa hiyo nasuka huku nawasimulia kwa Kiswahili. Wanalia, wanacheka, wanarudi na dada zao. Nimerithi mdomo wako.

Tamthilia wanayoipenda ni ya Thandeka, mama aliyemwacha binti yake Zinzi kwa bibi akaja mjini kufanya kazi za nyumbani. Msimulie Gaëlle: Thandeka amefika kwenye jumba lenye mbwa watatu, na tajiri wake amemfungia vitambulisho kabatini.

Mimi nalala nyuma ya pazia humu humu saluni. Mtoto siwezi kumlaza hapa. Nikipata chumba nakuja mwenyewe kumchukua.

Mwanao,
Hélène


Katuba, Lubumbashi
2 Julai 2016

Mwanangu Hélène,

Jambo sana. Salamu zimefika, mguu nao umezipokea, umejibu kwa kuuma. Gaëlle ametimiza miaka sita. Maharage hafichi tena, anampa paka.

Lakini umeniletea kazi. Tangu nimsimulie habari za huyo Thandeka wako, mimi bibi yake sipumui. "Nkambo, mbwa walimng'ata? Nkambo, Zinzi anakula nini?" Mwanasesere wake wa matambara kamwita Zinzi. Kila Jumamosi anakaa kwenye ngazi kumngoja Adrien.

Nikufiche nini, sura yako ameisahau. Ulipoondoka alikuwa na miaka mitatu. Picha uliyoacha anaiangalia kama picha ya kalenda. Thandeka ndiye anayemjua. Basi kila ukiandika, weka na kipande cha hadithi, kwa sababu ndicho kinachomshika kwako. Na hicho chumba usikicheleweshe. Macho yangu yameanza ukungu, na mlezi naye huzeeka.

Mama yako


Joubert Park
20 Mei 2017

Mama mpenzi,

Habari za siku nyingi? Samaki wakavu wamefika, nimewala kwa bukari, ugali wetu, nikalia kama mjinga. Macho umeyapeleka hospitali? Usinijibu kwa mzaha.

Chumba bado, Mama. Kuna Mrundi anaitwa Kelly, amefungua saluni ng'ambo ya korido yetu, naye kaweka televisheni ya kampuni nyingine. Zamani nilidhani filamu ni filamu. Kumbe kila kampuni inafungia za kwake, na mteja akiketi anauliza, "Unayo ile? Na ile nyingine?" Ukisema huna, anavuka korido na nywele zake. Nimelazimika kuongeza kampuni ya pili. Ile ya kwanza nayo imepandisha bei, na data inaisha kama karanga za kuonja. Nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya chumba kinaishia kwenye picha za watu.

Mwambie Gaëlle: Thandeka ametoroka kupitia dirisha la jikoni. Mbwa mmoja alimfuata, lakini hakumng'ata, kwa sababu alikuwa akimpa makoko ya sufuria. Sasa yuko barabarani na mbwa wake.

Mwanao,
Hélène


Joubert Park
3 Februari 2018

Mama mpenzi,

Amani iwe nyumbani. Mimi mzima kiasi.

Thandeka amehama. Sehemu zilizobaki zimenunuliwa na kampuni ya tatu, ile ya Kelly. Nilimwomba Kelly nisimame mlangoni kwake, nione tu mwisho, akacheka: "Da Hélène, kila mtu na televisheni yake, sawa? Sharp?" Kesho yake akatundika pazia. Sikumlaumu. Wateja wakiwa haba, hata mimi ningetundika.

Kwa hiyo sehemu hii usimsomee mtoto: mwisho nimeutunga mwenyewe. Mwambie Thandeka alipata kazi nzuri, akapanda basi, akafika nyumbani Jumamosi, amevaa kitenge cha njano. Zinzi akamtambua kabla hata hajashuka. Mtoto anataka mwisho, Mama. Nimpe upi mwingine?

Mwanao,
Hélène


Katuba
12 Mei 2018

Hélène,

Tu wazima. Umetufanya nini?

Kila Jumamosi mwanao anavaa gauni la kanisani, anambeba mwanasesere, anakwenda ajansi ya mabasi. Anasimama mlangoni na kumtazama kila mwanamke anayeshuka. Nilimwambia ile ni hadithi ya watu wengine. Akanijibu, "Nkambo, Thandeka ni Mama. Anatuambia kwa mafumbo ili tusimtangaze." Mtoto wa miaka minane!

Juzi alishuka mwanamke mwenye kitenge cha njano. Gaëlle alimkumbatia miguu. Sitaki kukuandikia yaliyofuata.

Maji umeyavulia nguo, mwanangu, sasa yaoge. Njoo Noeli. Chumba kiwepo, kisiwepo, njoo.

Mama yako


Joubert Park
9 Januari 2019

Mama,

Sijui nianze na salamu gani. Nauli ilikuwepo. Naapa ilikuwepo, nimeifunga ndani ya soksi.

Novemba bei zikapanda tena. Unajua Desemba ndiyo mavuno yetu wasusi, kila mwanamke anataka kichwa kipya cha sikukuu. Nikawaza, nikiichukua na kampuni ya Kelly nitakuwa na kila kitu, wateja wote watarudi, nitakuja na nauli ya watu wawili. Nikaifungua soksi.

Wakaja wachache. Kila mmoja na simu yake, na spika za masikioni, anatazama ya kwake. Televisheni ikawa inazungumza peke yake. Nilipoanza kusimulia, msichana mmoja akachomoa spika ya sikio moja: "Eish, Da Hélène, punguza kidogo, sisikii." Tangu hapo nasuka bila neno, kama mtu anayeosha maiti. Mama, nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wengine hawakuwa nacho, nacho hakitakiwi tena.

Angalau niliuona mwisho wa kweli. Nilikaa nao peke yangu. Thandeka harudi. Anaolewa mjini, anazaa mtoto mwingine, Zinzi anabaki na bibi yake. Usimwambie kamwe.

Kelly naye amefunga, anafagia ofisi huko Randburg. Tuliagana tukalia wote wawili, wapumbavu sisi. Televisheni nimeiuza. Nahamia Jeppestown, chumba kimoja na wanawake wanne. Gaëlle mwambie basi liliharibika njiani. Hapana. Usimwambie kitu.

Mwanao,
Hélène


Katuba
6 Aprili 2019

Mwanangu,

Anayeandika ni Steve, mtoto wa jirani, kwa maneno yangu. Macho yamekwisha. Mguu bado upo.

Huyu Steve amenunua simu, na hizo kampuni zako zimefika mpaka Katuba, mwezi wa kwanza bure. Thandeka yumo. Gaëlle aliiona yote, mpaka mwisho. Steve anasema hakujua, nami namwamini.

Gaëlle hakulia. Alikuja jikoni, akaniuliza, "Nkambo, ulijua?" Nikasema nilijua. Akaendelea kuchambua mchele. Ajansi haendi tena. Mwanasesere amempa mtoto wa nyumba ya pili. Na mimi haniiti Nkambo tena, ananiita Mama. Nilimkataza, akaendelea, nimechoka kumkataza.

Njoo, Hélène. Njoo hata mikono mitupu.

Mama yako


Jeppestown
29 Juni 2019

Mama,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Adrien anaapa kwamba zote amezitia mkononi mwa mtoto. Uko hai? Nasuka vichwa barabarani sasa, kwenye kiti cha kuazima. Mvua ikija siku imeharibika. Nauli naitafuta, lakini kila nikikaribia kuna mlango mwingine unaofungwa.

Mwombe Gaëlle anisikilize mara moja tu. Mwambie mwisho ule niliutunga kwa sababu ndio niliokuwa nautaka mimi. Nilitaka kushuka kwenye basi lile. Mwambie ninacho kitenge cha njano, nilikinunua, kimekunjwa chini ya mto wangu.

Mwanao, na mama wa Gaëlle,
Hélène


Katuba
21 Septemba 2019

Kwa Dada Hélène,

Jambo. Sisi ni wazima, tunatumaini nawe ni mzima. Mama haoni tena, barua zako nasoma mimi. Zote zimefika. Nilimsomea zile za salamu.

Shuleni nimekuwa wa tatu. Paka amekufa. Mvua bado.

Hadithi usitume tena, Dada. Simu ya Steve inazo zote, na ukichoka unazima. Kitenge ukivae tu huko, kisiliwe na nondo.

Ukija, utujulishe mapema, tukutafutie pa kulala. Mama anakusalimu.

Mdogo wako,
Gaëlle